Habari za Dawa, Tangu Bohari Hata Kitanda cha Mgonjwa



Katika siku hizi za jubilii mmekwisha kusikia habari za watu waliojenga hospitali zetu, habari za matofali na mawe na mabati, na majina ya waliotutangulia. Mimi nimepewa kusema juu ya jambo moja tu la ndani ya hospitali, nalo ni hili: dawa hupita njia gani hata ikamfikia mgonjwa aliyelala kitandani? Mimi si daktari wala mfamasia. Lakini kwa muda wa miaka kumi na minane nimekuwa nikiingia wodini kila juma kuwatazama wagonjwa, na mtu akaaye kando ya kitanda saa nzima bila kazi nyingine huona mengi. Na yale ambayo macho hayawezi kuyaona nimewauliza wenye kazi yao, nao wamenieleza kwa uvumilivu.

Watu wengi hudhani hapana la kueleza hapa. Daktari huandika, dawa hutolewa, mgonjwa humeza, basi. Wenye kazi wenyewe wasema sivyo. Tangu daktari atie kalamu karatasini hata dawa iingie mwilini, hupita katika mikono ya watu wanne au watano, na kila mkono ni mahali ambapo neno laweza kuharibika. Aandikaye aweza kuandika vibaya. Asomaye aweza kusoma sivyo. Ahesabuye aweza kuhesabu pungufu. Achukuaye aweza kukosea kitanda. Nasi tulio nje twamlaumu muuguzi peke yake, kwa kuwa mkono wake ndio wa mwisho, nao ndio tuuonao.

Na tuanze mbali kidogo. Hapa Tanzania serikali iliweka Bohari ya Dawa kwa sheria ya mwaka 1993, na kutoka huko hospitali nyingi hupata dawa zao. Makanisa nayo hayakukaa tu. Huko Uganda idara za tiba za Wakatoliki na za Waprotestanti zilianzisha bohari moja ya pamoja mwaka 1979. Na huko Kenya maaskofu wa Kikatoliki pamoja na umoja wa hospitali za makanisa mengine wakafanya vivyo hivyo mwaka 1986, na bohari yao huitwa MEDS. Napenda kulitaja jambo hili katika jubilii, maana watu waliobishana miaka mingi juu ya ubatizo walipatana upesi juu ya vidonge.

Na dawa zipi zinunuliwe? Dawa zilizomo duniani ni maelfu kwa maelfu, na fedha ni chache. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima, yapata mia mbili tu, na nchi nyingi zikafanya orodha zao wenyewe kwa mfano huo. Basi mtu asikasirike akiambiwa, Dawa hiyo unayoitaka haimo katika orodha yetu. Aghalabu iko nyingine inayofanya kazi ile ile, kwa bei ndogo.

Dawa zikiisha kufika hospitalini huwekwa katika chumba cha akiba. Nami niliomba nikaonyeshwa chumba kimoja. Maboksi hayakuwekwa sakafuni, yaliwekwa juu ya mbao, yakitengwa na ukuta, ili unyevu na mchwa wasiyafikie. Kila dawa ilikuwa na kadi yake, imeandikwa siku iliyoingia, kiasi kilichotoka, na kiasi kilichobaki. Na desturi yao si kwamba iliyoingia kwanza ndiyo itokayo kwanza, kama tufanyavyo ghalani na mahindi. Itokayo kwanza ni ile ambayo muda wake utakwisha kwanza, hata kama ililetwa jana. Dawa nyingine hukaa katika jokofu lenye baridi ya digrii 2 hata 8, kama insulini ya wenye kisukari, na chanjo, na oksitosini, ambayo mama akiisha kujifungua hupigwa sindano yake ili damu isitoke nyingi. Umeme ukizimika usiku mzima katika mahali pasipo jenereta, dawa hizi huharibika polepole wala rangi yake haibadiliki. Jicho haliwezi kujua. Kwa hiyo katika jokofu hutiwa kipimajoto, na mtu huandika asubuhi na jioni alivyokiona.

Iko na kabati nyingine, ndogo, yenye kufuli ndani ya kufuli. Humo hukaa mofini na wenzake, dawa za maumivu makubwa, ambazo watu wabaya huzitafuta kwa ulevi. Kila kichupa kitokacho humo huandikwa katika daftari lake kwa jina la mgonjwa, na watu wawili hutia sahihi. Wengine wetu huona hayo kuwa ni kuwatesa wagonjwa kwa maandiko. Mimi nimemwona mtu mwenye kansa akilia usiku, na sahihi zile mbili zilichukua dakika chache tu. Kilichokuwa kikichelewesha mofini katika nchi zetu kwa miaka mingi hakikuwa daftari. Ilikuwa ni hofu, na uchache wa watu waliofundishwa kuitumia.

Sasa tufike wodini, maana hapo ndipo njia hugawanyika.

Njia ya zamani, ambayo waliozaliwa zamani wote waliiona, ni kuweka akiba ya dawa katika wodi yenyewe. Kabatini mlikuwa na chupa kubwa za vidonge, elfu katika kila chupa, na muuguzi akihesabu katika kifuniko na kuwagawia watu kitanda kwa kitanda. Njia hii ni ya upesi, wala haitaki watu wengi. Usiku mgonjwa akizidiwa dawa iko karibu. Lakini muuguzi mmoja ndiye asomaye, ndiye achaguaye, ndiye ahesabuye, ndiye atoaye, wala hakuna jicho la pili. Tena vidonge vyeupe vyote hufanana vikiisha kutoka chupani.

Njia ya pili ni kwamba karatasi ya dawa ya kila mgonjwa hupelekwa kwa mfamasia, naye huisoma, huuliza kama haelewi, kisha hutoa dawa za mgonjwa yule kwa jina lake, za siku mbili au tatu. Hapo kuna macho mawili.

Njia ya tatu ilianzishwa Marekani, na sababu yake yastahili kuelezwa. Mwaka 1962 watu wawili, Barker na McConnell, walitangaza uchunguzi walioufanya hospitalini. Kabla yao wakuu wa hospitali walihesabu makosa ya dawa kwa karatasi za taarifa ambazo wauguzi wenyewe waliziandika, nao wakaona makosa ni machache, wakafurahi. Hawa wawili waliweka mtu afuatane na wauguzi, aandike kila dawa anayoiona ikitolewa, kisha wakalinganisha na yale aliyoyaandika daktari. Wakaona makosa mengi kupita kabisa yale ya karatasini. Wala wauguzi hawakuwa wakificha. Wengi wao hawakujua kama wamekosea. Muuguzi akitoa kidonge kimoja badala ya viwili, akaendelea na kitanda cha pili, ni nani atakayemwambia?

Katika miaka ile ile, katika vyuo vikuu vya Arkansas na Iowa, wafamasia walijaribu njia nyingine: kila kipimo cha dawa kifungwe peke yake, kimeandikwa jina la dawa na kiasi chake, na dawa za mgonjwa mmoja za saa 24 ziwekwe katika kisanduku chake chenye jina lake. Muuguzi hakifungui kifungo ila mbele ya mgonjwa. Kisichotumika hurudi, na mfamasia huuliza, Mbona hiki kimerudi? Swali hilo moja, kwa maoni yangu, lapita kisanduku chenyewe kwa thamani. Maana katika njia ya zamani dawa isiyotolewa haikurudi mahali popote. Ilibaki chupani na wenzake, wala hapana ajuaye kwamba mgonjwa wa kitanda cha nane hakupewa.

Mtauliza, Mbona basi hospitali zetu hazifuati njia hiyo? Yataka wafamasia wengi, na vifungo vingi, na fedha. Hospitali nyingi za kwetu huchanganya: dawa za mgonjwa hutoka kwa jina lake, na akiba kidogo hubaki wodini kwa ajili ya hatari ya ghafula. Nadhani ndivyo ipasavyo. Lakini akiba ile ichaguliwe kwa akili. Iko dawa iitwayo potasiamu kloridi, ya kichupa kidogo, maji meupe kama maji ya kuchanganyia dawa. Ikitiwa ndani ya dripu kubwa polepole huponya. Ikipigwa mshipani yenyewe bila kuchanganywa, moyo husimama. Mwaka 1998 chama kikaguacho hospitali za Marekani kiliwaonya wote waiondoe dawa hiyo katika makabati ya wodi, kwa sababu watu walikuwa wamekufa, muuguzi akidhani ameshika kichupa kingine. Hapo hakuna mahubiri wala adhabu iwezayo kusaidia kama kukiondoa kichupa mahali pale.

Nimeahidi kuwaeleza jambo moja kwa urefu, nalo ni la malaria kali ya watoto, maana hakuna nyumba kati ya nyumba zetu isiyoijua. Zamani dawa yake ilikuwa kwinini katika dripu. Kisha wataalamu walichunguza katika nchi tisa za Afrika, katika hospitali kama za Muheza na Korogwe hapa kwetu, na Kilifi huko Kenya. Ile ya Muheza, kama mjuavyo, ni hospitali teule yenye asili ya misioni. Watoto 5,425 walitibiwa, wengine kwa kwinini, wengine kwa dawa iitwayo atesuneti. Habari ilipotangazwa mwaka 2010 ilionekana kwamba katika kila watoto 100 waliopewa kwinini walikufa karibu 11, na katika kila 100 waliopewa atesuneti walikufa 8 na nusu. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaagiza watoto wapewe atesuneti.

Mtu aweza kusema, Tofauti ni watoto wawili na kidogo tu katika mia. Mwambieni aje asimame nami mlangoni pa wodi ya watoto mwezi wa mvua, aniambie ni wawili wepi.

Lakini dawa njema namna hii haina nguvu ikiwa kabatini. Sikilizeni jinsi itolewavyo. Mtoto hupimwa uzito kwanza, maana kipimo hufuata uzito: mwenye kilo chini ya 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, mwenye kilo 20 au zaidi, na mtu mzima, miligramu 2.4 kwa kila kilo. Dawa ni unga katika kichupa cha miligramu 60. Huyeyushwa kwa maji yake yaliyoletwa pamoja nayo, mililita moja, kisha huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi, hata zikawa 6. Basi mtoto wa kilo 10 hupata miligramu 30, yaani mililita 3, nusu ya kichupa. Na ile nusu iliyobaki? Hutupwa ikiwa hakuna mtoto mwingine wa kupewa wakati ule ule, kwa kuwa dawa ikiisha kuchanganywa haikai zaidi ya saa moja. Mama mmoja alinishika mkono akaninong'oneza kwamba wauguzi humwaga dawa ya mwanawe, naye ameona kwa macho. Ni kweli aliona. Lakini hakuna aliyemweleza, naye akakaa siku mbili akidhani mtoto wake ameibiwa nusu. Waalimu, neno hili lielezeni.

Sindano ya pili ni baada ya saa 12, na ya tatu ni baada ya saa 24 tangu ile ya kwanza. Nasi tuhesabuo saa kwa desturi yetu tumepewa jambo hili kwa urahisi: mtoto akipigwa ya kwanza saa tatu usiku, ya pili ni saa tatu asubuhi, na ya tatu ni saa tatu usiku. Saa haibadiliki, hubadilika usiku na mchana tu. Mama asiyejua kusoma aweza kulishika. Na akiona saa tatu imefika, saa nne nayo yaja, wala hakuna aliyekuja, na aende kwa muuguzi aseme kwa adabu, Dada, mwanangu alipigwa ya kwanza saa tatu. Hilo si jeuri. Muuguzi mwenye watoto arobaini usiku, naye yuko peke yake au wako wawili, humshukuru mama wa namna hiyo. Na asiposhukuru, mtoto hupata dawa yake.

Baada ya sindano tatu au zaidi, mtoto akiweza kumeza, hupewa dawa mseto za vidonge kwa siku tatu kamili. Na hapo ndipo wengi huanguka, maana mtoto amekwisha kucheka na kuomba uji, na vidonge vilivyobaki huwekwa juu ya kabati kwa ajili ya ndugu yake atakayeugua mwezi ujao. Atesuneti ni nyepesi, hufanya kazi upesi na kutoka mwilini upesi. Asipopewa mseto kamili, vijidudu vilivyosalia huamka tena.

Sasa nije katika neno la majina, ambalo latuhusu sisi kuliko madaktari.

Kila muuguzi hufundishwa mambo matano kabla ya kutoa dawa: awe ndiye mgonjwa, iwe ndiyo dawa, kiwe ndicho kipimo, iwe ndiyo saa, na iwe ndiyo njia, yaani kinywani, au mshipani, au msulini. Hayo manne ya baadaye yumo katika uwezo wake. Lile la kwanza, awe ndiye mgonjwa, lataka msaada wetu, na sisi watu wa huku twalifanya kuwa gumu.

Mtu wa kwetu ana majina matatu au manne. Alipozaliwa aliitwa jina la babu yake. Alipobatizwa akaitwa Yohana au Maria. Shuleni mwalimu akatanguliza jina la baba. Akiisha kuzaa huitwa Mama Fulani, hata jirani hawajui tena jina jingine. Katika kadi ya bima ya afya limeandikwa kwa herufi zilizokosewa, na katika kitambulisho cha taifa ni kwa namna nyingine. Analetwa hospitalini usiku na shemeji yake, naye shemeji hutaja lile alijualo. Asubuhi aja ndugu yake na kumwita kwa jingine. Na katika wodi ya watu thelathini Maria ni watatu, na wawili kati yao ni Maria Yohana.

Tena tuna adabu yetu ya kuitika. Mtu wa kwetu akiitwa husema "Naam" kwanza, kisha ndipo aulize kuna nini. Mzee mwenye homa ataitika naam kwa jina lolote litakalotajwa karibu naye, maana ni vibaya kumwacha mtu akiita bila jibu. Basi muuguzi akisema, Wewe ndiwe Petro? naye akasema naam, hajajua neno lolote. Waliofundishwa vizuri huuliza, Jina lako nani? Na baba yako? Humwachia mgonjwa alitaje mwenyewe, kisha hutazama karatasi. Wagonjwa wengine huona ni dharau: Nimelala hapa siku tano, nawe waniuliza jina! Siyo dharau. Na akuulize kila siku, mara tatu kwa siku.

Wala msitegemee namba ya kitanda. Mvua huvuja, mgonjwa husogezwa. Rafiki wawili hubadilishana vitanda ili wapate kuzungumza. Wakati wa malaria watoto wawili hulazwa kitanda kimoja na mama zao. Hospitali nyingine hufunga utepe wenye jina katika mkono wa mgonjwa. Mgonjwa asiukate ati wamwasha. Na huko Marekani wameendelea zaidi. Mwaka 1992 muuguzi mmoja wa hospitali ya askari wastaafu huko Topeka, Sue Kinnick, alikuwa akirudisha gari la kukodi, akamwona karani akilisoma gari kwa kifaa cha mkononi kisomacho alama za mistari, kama zile zilizo juu ya bidhaa dukani. Akasema, Ikiwa gari laweza kujulikana hivi, kwa nini si mgonjwa na dawa yake? Hospitali yake ikalijaribu, na baadaye likaenea katika hospitali zote za askari wastaafu wa nchi ile: muuguzi husoma utepe wa mkononi, husoma kifungo cha dawa, na kompyuta humwambia kama vyapatana.

Sisi tusio na kifaa hicho tuna kitabu cha ubatizo na daftari la shule. Waalimu na makatekista, nawasihi: jina mliandikalo kwa mtoto liandikwe kwa herufi zile zile na kwa mpangilio ule ule kila mahali, katika cheti, katika daftari, katika kadi ya kliniki. Na mkimpeleka mgonjwa hospitalini, mmoja wenu aseme jina lake lote, na jina la baba, na mwaka wa kuzaliwa, na kijiji.

Liko na neno la saa ya kugawa dawa. Muuguzi akisukuma toroli yake, akihesabu, akitia alama katika karatasi, yumo katika kazi ambayo neno moja laweza kuikata. Katika hospitali nyingine za Uingereza muuguzi saa hiyo huvaa kizibao chekundu kilichoandikwa kwamba asisumbuliwe. Sasa, kwetu ndugu wa mgonjwa ndipo humwuliza kama chai imekuja. Na baadhi ya wahubiri, nasema kwa heshima, ndipo huingia wodini wakaanza wimbo. Muuguzi naye ni mkristo, husimama, huinamisha kichwa, na toroli husimama pamoja naye. Baada ya Amina amekwisha kusahau kama kitanda cha sita amekipita. Saa za dawa zajulikana katika kila hospitali. Tuulize mlangoni, tungoje nje mpaka toroli imalize. Wimbo hauna saa, sindano inayo.

Na wale wanaoleta dawa zao kutoka nyumbani, ziwe za dukani au za miti shamba, wazionyeshe kwa daktari siku ya kwanza. Si kwa kuwa miti shamba yote ni mibaya. Kwinini yenyewe ilitoka katika gome la mti, na atesuneti asili yake ni jani. Lakini ikiwa mgonjwa hupewa dawa ya presha wodini, na usiku bibi yake amnywesha nyingine chini ya blanketi, daktari atashangaa asubuhi na kubadili kipimo kwa sababu asiyoijua. Kadhalika wale wanaoficha vidonge chini ya mto kwa kuwa ni vichungu. Ndiyo maana muuguzi mwema hasogei mpaka ameona maji yakinywewa.

Nifupishe. Jambo gumu kuliko yote ni siku ambayo dawa haipo. Hapo ndugu hupewa cheti aende akanunue nje, na mwenye ndugu na fedha hurudi nayo. Katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, nilimkuta mzee asiye na mtu, ana cheti chini ya mto wake kwa siku ya tatu. Hakukataa dawa, wala hakunyimwa. Aliambiwa akanunue, naye hawezi kusimama. Karatasini mwake palikuwa na vistari vitupu siku zote tatu, na kila aliyepita alidhani mwenzake amekwisha kushughulika. Wakristo wa mtaa wetu baada ya hayo walifanya shauri: kila Ijumaa watu wawili huenda na kuuliza kwa msimamizi wa wodi swali moja tu, Yuko mwenye cheti ambacho hakijanunuliwa? Mara nyingi yuko mmoja, pengine hakuna. Fedha zinazotakiwa aghalabu ni chache kuliko tulivyoogopa. Dawa hununuliwa katika duka lenye mfamasia, hupewa muuguzi mkononi pamoja na risiti, wala haipelekwi kitandani moja kwa moja, kwa sababu naye hana budi kuitazama na kuiandika. Mitaa mingine ikipenda kufanya vivyo hivyo, njooni mniulize baada ya chakula, nitawaonyesha daftari.

Limebaki la siku ya kutoka hospitalini. Siku hiyo watu wana haraka; basi laondoka, mbuzi amekwisha kuchinjwa nyumbani. Dirishani husikia "moja mara tatu" wakaitikia naam. Moja mara tatu maana yake ni kila baada ya saa 8, wala si zote tatu kati ya asubuhi na magharibi. Mkabidhini dawa yule wa nyumbani ajuaye kusoma, hata akiwa ni mtoto wa darasa la tano, naye arudie maneno mbele ya mfamasia kabla hamjaondoka dirishani. Na ikiwa ni dawa ya maji ya mtoto, ombeni kijiko cha kupimia au bomba dogo lisilo na sindano. Kijiko kilichokusudiwa ni cha mililita 5, na vijiko vya chai vya nyumbani kwetu, nimevipima vyangu, havikubaliani hata viwili.